Mia ya Nani? Uhakiki wa Mchezo wa Family Feud kwa Macho ya Sotik

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuutazama mchezo wa televisheni kama kitu kilicho nje ya uwanja wao. Ngano, methali na vitendawili huandikiwa makala. Mchezo wa maswali huachiwa watangazaji. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo hauna msingi. Family Feud, mchezo wa familia uliodumu kwa miongo kadhaa, ni aina ya utegaji wa vitendawili, na ndani yake mna kanuni ambayo mtaalamu wa lugha hana budi kuihoji kabla haujatiwa katika Kiswahili.

Mchezo huu ulianza kuonyeshwa Marekani na shirika la ABC mwaka 1976, ukiwa zao la kampuni ya Mark Goodson na Bill Todman. Mwongozaji wake wa kwanza alikuwa Richard Dawson. Ulikoma mwaka 1985, ukafufuliwa 1988, ukasita tena 1995, kisha ukarejea 1999; tangu 2010 umeongozwa na Steve Harvey. Waingereza walianza toleo lao, Family Fortunes, mwaka 1980. Mwaka 2020 yalifuata matoleo ya Afrika Kusini na Ghana.

Kanuni zake ni nyepesi. Familia mbili, kila moja ya watu watano, hukabiliana. Kabla ya mchezo, watu 100 huwa wameulizwa maswali, na majibu yao yamehesabiwa. Mshindani mmoja wa kila upande hushindana kubonyeza kitufe. Aliyetoa jibu lenye hesabu kubwa zaidi huamua kama familia yake itacheza au itawaachia wapinzani. Wanaocheza hujibu kwa zamu. Wakikosa mara tatu, upande wa pili hupewa nafasi moja tu ya kuwanyang'anya alama. Mwishoni watu wawili wa familia iliyoshinda hujibu maswali matano kwa haraka: wa kwanza kwa sekunde 20, wa pili kwa sekunde 25, pasipo kurudia jibu la mwenzake. Wakifikisha alama 200, huondoka na zawadi kubwa.

Tuzingatie sasa kiini cha kanuni hizo. Mchezaji haulizwi lililo kweli, bali huulizwa watu 100 walisema nini. Hapa ndipo mchezo huu unapokaribiana na kitendawili na hapo hapo kuachana nacho. Mtegaji naye ana jibu lililokwisha kuwekwa: nyumba isiyo na mlango ni yai. Lakini jibu hilo limewekwa na mapokeo, na mteguaji mwenye hoja nzuri aweza kulibishia, hata wasikilizaji wakamkubalia. Katika Family Feud hoja haina nafasi. Jibu la busara ambalo halikutajwa na wale 100 ni kosa. Jibu la kipuuzi lililotajwa na wengi ni ushindi. Idadi ndiyo hakimu.

Hatusemi kwamba jambo hili ni baya tupu. Sifa kubwa ya mchezo huu ni kwamba hauwapendelei waliosoma. Bibi asiyejua kusoma aweza kumshinda mjukuu wake mwenye shahada, maana anawajua watu. Hata hivyo, sharti ajue watu wale walioulizwa. Swali la msingi basi ni hili: 100 hao ni wa nani?

Tuichukue Sotik, katika Kaunti ya Bomet, iwe kipimo. Hapa Wakipsigis wanapakana na Wagusii wa upande wa Borabu, na mashamba ya chai yamewakutanisha watu wa makabila mengi kwa njia ya Kiswahili. Tuseme swali ni hili: taja jambo ambalo mtu hulifanya kabla ya jua kuchomoza. Orodha iliyoletwa kutoka Marekani haitakuwa na kukamua ng'ombe wala kujitwika kikapu kwenda kuchuma chai. Mkazi wa Sotik atakuwa amejibu sawasawa kuhusu maisha yake, na bado ataambiwa amekosa.

Tatizo la pili ni la kisemantiki. Waandaaji huyakusanya majibu yanayofanana na kuyahesabu kuwa moja. Je, katika Kiswahili yapi yanafanana? Neno moja la Kiingereza humkusanya mjomba na ami. Kwetu hao ni watu wawili wenye haki na wajibu tofauti. Kinyume chake, neno ndugu laweza kumjumlisha kaka, dada na binamu. Chai nayo ni jani bichi shambani, ni kinywaji, na tena ni hongo. Na mtoto wa Kikipsigis anajua kwamba mama katika lugha ya kwao ni mjomba. Anayepanga majibu haya hafanyi kazi ya karani. Anatoa hukumu juu ya maana, na hukumu hiyo inaamua nani ashinde.

Kwa hiyo kuyatafsiri maswali peke yake hakutoshi. Yeyote atakayeuleta mchezo huu katika Kiswahili hana budi kuwauliza watu wa hapa maswali yanayotokana na maisha ya hapa, kisha kuyapanga majibu kwa kufuata mipaka ya maana iliyomo katika lugha yenyewe. Asipofanya hivyo, familia ya Sotik itakuwa imealikwa kubahatisha mawazo ya wageni na kutuzwa kwa kufanana nao. Akifanya hivyo, wanaisimu watapata hazina ambayo kamusi hazijaitoa bado: kumbukumbu ya neno lipi huwajia watu kwanza wanapoulizwa ghafla, na la pili, na la tatu. Idara za lugha zisingoje kuitwa na watangazaji katika kazi hiyo, zinapaswa kuianza.