Je, Kusoma Ndiko Kuletako Akili?

Sisi walimu wengi twalishika neno hili kana kwamba halina shaka: ya kuwa asiyejua herufi akili yake imelala, na akiisha kujua kusoma yageuka ikawa akili nyingine. Neno hili lina hatari, maana kwa hilo twaamua nani afaa kushauriwa na nani anyamazishwe. Basi chafaa kusomwa kitabu cha Sylvia Scribner na Michael Cole, The Psychology of Literacy, kilichopigwa chapa mwaka 1981, kwa kuwa chalipima neno lenyewe.

Waandishi hawa walikwenda Liberia kwa watu wa Vai, na mahali hapo walipachagua kwa busara. Huko walikuta elimu tatu za kuandika, kila moja na mlango wake. Kiingereza kilifundishwa shuleni. Kiarabu chuoni, kwa kukariri Kurani. Mwandiko wa Kivai wenyewe, ambao kila alama yake ni silabi moja, mtu alifundishwa na ndugu au rafiki, akautumia kwa barua na hesabu zake. Hivyo waliweza kutenga kusoma na shule, mambo mawili ambayo penginepo yamefungamana.

Waliyoyaona ni haya. Kusoma peke yake hakukugeuza akili yote. Waliopita shuleni waliwazidi wenzao hasa katika kueleza sababu za majibu yao. Waliozoea barua za Kivai waliwashinda wasiosoma katika kumweleza mtu asiyekuwapo namna ya kucheza mchezo mgeni. Maana mwandika barua hana budi kumfikiri asiyemwona. Waliokariri Kurani walikuwa hodari wa kushika orodha ya maneno iliyoongezwa neno moja moja, bali katika namna nyingine za kukumbuka hawakuwa na ubora huo. Kila kazi huinoa akili upande ule inaoutumia.

Hata hivyo nina lawama mbili. Maswali ya kutoa sababu yafanana mno na maswali ya mwalimu, wala si ajabu mwanafunzi akiyajibu vema. Tena kitabu chapima sana jinsi desturi iundavyo akili, lakini kidogo jinsi akili iundavyo desturi. Mwandiko ule haukushuka wenyewe: Momolu Duwalu Bukele aliubuni katika miaka ya 1830. Akili ya watu ilizaa alama, kisha alama zikawazoeza wajukuu wao kufikiri kwa njia mpya. Mkono ndio uchongao mpini, na mpini ndio uutiao mkono sugu.

Basi kabla ya kumwita mtoto wa chuoni kasuku, au mzee asiyesoma mjinga, na tuulize kwanza ni kazi gani iliyoinoa akili yake. Tuendelee kufundisha kusoma kwa bidii. Lakini tusijidai kwamba ndisi tuwapao watu akili. Akili wamekuja nayo. Sisi twawaongezea kinoo kimoja.