Ufundi wa Swali Moja

Rejista ya biti 8 ina 250, namba isiyo na alama ya hasi. Ikiongezwa 10, itabaki na ngapi? Mhadhiri wa uhandisi wa kompyuta anaweza kulieleza hili kwa dakika mbili na kuendelea. Anaweza pia kuandika majibu manne, 260, 255, 0 na 4, kila mwanafunzi achague lake kimyakimya, kisha amgeukie jirani na kumshawishi. Wa 260 amesahau kwamba biti 8 haziwezi kubeba zaidi ya 255. Wa 255 anadhani rejista ikijaa hugota hapo. Wa 0, kwamba ikifurika hujifuta yote. Wa 4 atalazimika kuonyesha kwamba 260 kwa binari ni 100000100, na kwamba ile 1 ya kushoto imekosa nafasi. Katika kueleza huko ndipo naye hugundua kama kweli anajua. Kila jibu potofu limechongwa kutokana na kosa ambalo watu hulifanya kweli. Huo ndio ufundi ninaousifu. Asiyejua wanafunzi wake hupotelea wapi hawezi kutunga swali la namna hiyo, hata awe bingwa wa saketi.

Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alianza kufundisha hivi mwaka 1991. Njia hiyo ilipoingia katika kozi nne za kompyuta za Chuo Kikuu cha California, San Diego, wastani wa wanaofeli ulishuka kutoka asilimia 20 hadi 7.

Wapo wanaosema muhtasari hautamalizika. Ni kweli baadhi ya mada zitahamia kwenye usomaji wa kabla ya kipindi. Lakini muhtasari aliomaliza mhadhiri peke yake umemfaa nani? Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wanafunzi wenyewe. Katika utafiti wa Harvard uliochapishwa mwaka 2019, waliofundishwa fizikia kwa kushirikishwa walipata alama za juu zaidi, ilhali walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara. Maelezo laini humfanya msikilizaji adhani ulaini ule ni uelewa wake. Kwa hiyo waambiwe mapema, tangu wiki ya kwanza, kwamba kutatizika ni sehemu ya kazi.

Na ukumbi wenye watu 400? Vidole vinatosha, kimoja hadi vinne, vikiwekwa kifuani ili jirani asiige. Wengi wakipatia, mhadhiri anasonga mbele. Karibu wote wakikosa, anaeleza upya. Wakigawanyika, ananyamaza, awaache wabishane.