Ekseli Nzima katika Milima ya Gusii

Miongoni mwa kazi za ufundi wa magari ambazo wasomi huzipita bila kuziangalia ni ile ya kusanifu ekseli nzima, yaani mhimili mmoja wa chuma unaoyaunganisha magurudumu mawili, la kushoto na la kulia, hata moja lisiweze kupanda bila la pili kuguswa. Magari madogo mengi yameuacha mpango huo kwa sababu uzito wake huwatikisa abiria, lakini malori ya Isuzu yanayopita vituo vya chai vya Nyamira na yale yanayoshusha ndizi na mboga katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii bado yanautegemea, na si kwa ukaidi. Udongo mwekundu wa Gusii huteleza unapolowa, njia nyingi za vijijini zimechongwa ubavuni mwa mlima, na gurudumu linapokwea jiwe ekseli nzima hufanya kazi kama mzegazega: upande mmoja ukiinuka, wa pili hukandamizwa chini, tairi likaendelea kushika ardhi.

Elimu hii huanza na kuhesabu mienendo. Ekseli iliyoachwa huru chini ya fremu inaweza kwenda juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Inaweza pia kulalia ubavu, kugeuka kama inayopiga kona, na kujiviringisha pale injini inapoisukuma au breki zinapoishika. Katika mienendo hiyo 6 msanifu huruhusu 2 tu, kupanda na kushuka pamoja na kulalia ubavu, na ustadi wake wote umo katika namna ya kuizuia ile 4 iliyobaki bila kuikaza hii iliyoruhusiwa.

Kamani, yaani mabapa ya chuma cha springi yaliyopangwa moja juu ya jingine na kufungwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la U, hutimiza karibu yote hayo peke yake: hubeba mzigo, huishikilia ekseli mahali pake, na msuguano baina ya mabapa hupunguza mruko. Ugumu wake hufuata unene kwa nguvu ya tatu, hivi kwamba bapa lenye unene maradufu huwa gumu mara 8, ilhali mabapa mawili ya unene uleule huwa magumu mara 2 tu ya bapa moja. Fundi wa jua kali anayeongeza bapa ili lori lisilale nyuma likipakiwa anaitumia kanuni hiyo kwa mkono, hata kama hajawahi kuiona ikiandikwa, ingawa gharama yake hujitokeza lori linaporudi tupu, kwa kuwa springi iliyodidimizwa sentimita 25 na uzito ulio juu yake huruka takribani mara 1 kwa sekunde, na iliyodidimizwa sentimita 6 pekee huruka mara 2. Ikumbukwe pia kwamba chuma hicho hupata unyumbufu wake kwa kupashwa moto, kuzamishwa katika mafuta, kisha kupashwa tena kwa kiasi. Joto la kuchomelea huiharibu tabia hiyo, kwa hiyo kamani iliyokatika haiungwi, bali hupelekwa kwa mhunzi akaifua iwe panga.

Range Rover ya mwaka 1970 ilionyesha kwamba ekseli nzima inaweza pia kukalia springi za mviringo na kuwa laini. Springi hizo, hata hivyo, hubeba tu. Hazizuii chochote, na kila mwendo uliokuwa ukizuiwa na kamani hudai mkono wake wa chuma. Mkono wa Panhard, unaofungwa kwenye fremu upande mmoja na kwenye ekseli upande wa pili ili gari lisihame kushoto na kulia, huchora tao: ukiwa na urefu wa sentimita 100 na kulazwa sawa, ekseli ikipanda sentimita 10 husogezwa pembeni nusu sentimita, na ukiwa na sentimita 50 huisogeza sentimita 1. Ndiyo maana katika ekseli ya mbele mkono huo hufanywa mrefu, ukalazwa sambamba na fimbo ya usukani na kukaribiana nayo kwa urefu. La sivyo kila shimo humgeuzia dereva usukani.

Kosa linalopendwa mno ni kuliinua gari ili lionekane kali. Gari lenye upana wa sentimita 150 kati ya magurudumu, na kitovu cha uzito kilicho sentimita 75 kutoka ardhini, kwa hesabu tupu hupinduka mteremko wa ubavuni ukifika nyuzi 45. Kitovu kikiinuliwa hadi sentimita 90, nyuzi 40 zinatosha, na hapo bado hakujahesabiwa kulala kwa springi zenyewe. Katika nchi ya mabonde kama Gusii, gari bora ni lile lililo chini kadiri mawe yanavyoruhusu.

Walimu wa ufundi wa magari mjini Kisii wangefanya vyema kuwapeleka wanafunzi chini ya lori la majani ya chai, wapime kila kamani, waichore na kuihesabu pamoja na fundi wa jua kali anayelihudumia lori hilo, kabla hawajakabidhiwa mashine ya kuchomelea.