Mwalimu wa Helen Keller Alifundishwa Nini?

Wengi wa wasomaji wetu wamepata kusikia habari za Helen Keller wa Marekani, aliyepoteza macho na masikio kwa ugonjwa akiwa na miezi 19, naye akaja kuhitimu chuo mwaka 1904. Kitabu chake, The Story of My Life, kilichotolewa mwaka 1903, tumekisoma tena hivi karibuni, wala si kwa ajili yake yeye. Tulimtafuta mwalimu wake.

Si rahisi kumwona. Sehemu ya kwanza yasimuliwa na mwanafunzi mwenyewe kwa maneno mazuri, nayo ndiyo isomwayo na wote. Barua za mwalimu, Anne Sullivan, zimewekwa katika sehemu ya tatu, mahali ambapo msomaji mchovu hafiki. Huo twauona kuwa upungufu wa kitabu. Aishiaye sehemu ya kwanza ataona tu kuwa msichana wa miaka 20 aliwasili Alabama mwezi wa Machi 1887, na baada ya mwezi mmoja mtoto aliyekuwa akipiga watu mateke akajua maana ya neno, maji yakimwagika mkononi mwake. Mchezo alioutunga William Gibson mwaka 1959 ulizidisha kosa hilo, kwani wamwita mwalimu mtenda miujiza.

Sehemu ya tatu yasema vingine. Anne, ambaye macho yake mwenyewe yalikuwa mabovu, alikaa miaka sita katika shule ya vipofu ya Perkins, mjini Boston. Humo aliishi nyumba moja na Laura Bridgman, kipofu na kiziwi ambaye Daktari Samuel Howe alianza kumfundisha mwaka 1837, akajifunza kusema naye kwa herufi za vidole. Tena, kabla ya safari, alitumia miezi kadhaa kuzisoma taarifa za Howe.

Lakini barua iliyotushika zaidi ni ya mwezi wa Aprili. Anne alikuwa ameweka saa maalumu ya masomo, kama tulivyozoea sote. Kisha akamtazama binamu mdogo wa Helen, mtoto wa miezi 15, akaona kuwa mtoto huyo hafundishwi lugha kwa saa. Husikia watu wakisema, akaelewa mengi kabla hajatamka. Basi akaiacha saa ya masomo, akawa anasema mkononi mwa Helen kutwa nzima, kwa sentensi kamili. Walimu wenzetu, ni wangapi kati yetu tungekuwa na moyo wa kuutupa utaratibu wetu wenyewe baada ya majuma matano?

Hata hivyo hatumsifu kwa yote. Alikuwa na mwanafunzi mmoja tu, katika nyumba yenye uwezo. Na ule ugomvi wa mezani, alipomzuilia Helen chumbani hata akala kwa kijiko na kukunja kitambaa chake, mwalimu wa leo asingeufanya kwa nguvu ile. Angefundishwa kuuliza kwanza: mtoto asiye na maneno asema nini kwa mateke yake?

Maswali ya namna hii ndiyo yafundishwayo vyuoni. Katika miaka ya 1920 Perkins ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Harvard kuwafunza walimu wa vipofu. Siku hizi vyuo vikuu kadhaa vya Marekani hutoa shahada ya pili kwa walimu wa watoto wenye ulemavu mzito. Wafunzwao huko hujifunza kuigawa kazi moja, kama kuvaa shati, katika hatua ndogo ndogo. Kumpa mtoto njia ya kusema kwa picha au kwa kitu cha kugusa. Na kuandika aliyoyafanya mtoto. Nao hufundisha huku mwalimu mzoefu akiwatazama.

Wako wasemao kwamba hizo ni karatasi tu, upendo watosha. Twawajibu kuwa wazazi wa Helen walimpenda miaka ile yote, wala hawakuweza kumpa neno hata moja, ijapokuwa alikuwa na ishara zake za nyumbani.

Atakayekipata kitabu hiki aanze nyuma, kwa barua za Machi na Aprili 1887, ndipo arudi mwanzo.