Rangi Iliyo Nyuma ya Hariri

Hariri ya kuchorea ndege na maua huko Japani hufumwa nyepesi, mwanga ukapita kati ya nyuzi. Fundi huiwamba kwenye fremu, kisha huipaka gundi ya ngozi za wanyama iliyotiwa shabu. Asipofanya hivyo wino husambaa, na manyoya ya jogoo yakageuka doa. Baada ya hapo huja mawe: kijani cha malakiti na buluu ya azuriti, yaliyosagwa yakawa unga. Kadiri unga unavyolainika ndivyo rangi inavyofifia, hivyo jiwe lile lile hutoa buluu nzito na buluu iliyopauka. Nyeupe hutokana na makombe ya chaza.

Lakini ninachokistahi zaidi katika kazi hii hufanyika upande ambao mtazamaji hauoni. Mchoraji huigeuza hariri na kupaka rangi mgongoni mwake. Rangi hiyo hupenya katikati ya nyuzi na kukutana na ile ya mbele, na petali la peoni likapata unene ambao brashi ya upande mmoja haiwezi kuuleta.

Sijaona aliyeuamini mgongo huo kuliko Itō Jakuchū. Alizaliwa Kyoto mwaka 1716, mtoto wa kwanza wa muuza mboga wa jumla katika soko la Nishiki. Alipokaribia miaka 40 alimwachia mdogo wake duka, akashika brashi. Alifuga kuku uani, akawatazama kwa muda mrefu kabla ya kuwachora. Ndiyo maana majogoo wake wana uhai wa kutisha: kishungi kimejaa nukta ndogo nyeupe, ukucha umekaza ardhini, jicho linakukabili.

Kuanzia mwaka 1757 hivi alichora picha 30 za kutundika, za ndege, maua, samaki na wadudu, akaziweka wakfu kwa hekalu la Shōkoku-ji. Zilikusudiwa kutundikwa pamoja na picha 3 za Buddha na wafuasi wake wawili. Kwa maana hiyo bata na kasuku wale ni mkutano wa waumini, na kwa macho yangu hapo ndipo subira yake inapoeleweka: kiumbe aliyealikwa mbele ya Buddha hachorwi nusu.

Mwaka 1889 hekalu lilizikabidhi picha hizo kwa familia ya kifalme, likapewa yeni 10,000 zilizolisaidia kuinusuru ardhi yake. Zilipokuja kukarabatiwa, karatasi za nyuma zikabanduliwa, na kazi ya mgongoni ikaonekana wazi. Katika ile ya feniksi mweupe juu ya msonobari, manyoya yanang'aa kama yametiwa dhahabu. Dhahabu haimo. Ni udongo wa manjano uliopakwa nyuma, na mbele yake mistari myembamba ya unga wa chaza, mmoja mmoja, kwa maelfu.

Mwaka 2016, ilipotimia miaka 300 tangu azaliwe, picha zote 30 zilionyeshwa Tokyo, na siku nyingine watu walipanga foleni kwa zaidi ya saa tano. Nami ningepanga. Na nikiingia ningeanza na feniksi yule, nijongee karibu kadiri walinzi watakavyoniruhusu.