Nyumba ya Mawe ya Kelmscott

Kando ya Mto Thames, mbali na London, kipo kijiji cha Kelmscott, na humo imo nyumba ya mawe iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 16 kwa jamaa ya Turner. Watu huiita nyumba ya kibwana, lakini jina hilo limeizidi. Hao Turner walikuwa wakulima, na uzuri wa nyumba yao watokana na kazi ya ukulima.

Msomaji, tazama kwanza paa. Limeezekwa kwa vipande vyembamba vya mawe ya chokaa, vidogo juu kileleni, navyo huzidi kuwa vikubwa kadiri vishukavyo hata ukingoni. William Morris, fundi na mtunga mashairi aliyeikodi nyumba hii mwaka 1871, alivifananisha na magamba ya samaki. Wengi husifu neno hilo wakaishia hapo. Mimi naona sababu yake yapendeza kuliko mfano. Maji ya mvua huwa mengi zaidi chini ya paa, nayo mawe mazito hukaa vema karibu na ukuta, wala hayailemei miti ya juu. Tena machimbo hutoa mawe ya kila kadiri. Basi fundi hakutupa kitu. Hakutafuta pambo, akalipata.

Ndani siwezi kuisifu vivyo hivyo. Orofani hamna ujia; mtu hupita chumba hata chumba, na mgeni huweza kujikuta penye kitanda cha mwenziwe. Morris alilicheka jambo hilo, lakini mwenye nyumba hucheka upesi kuliko mgeni. Katika chumba kimoja zimetundikwa nguo kuukuu zilizofumwa kwa picha za habari za Samsoni. Rangi zake zimefifia, naye Morris alizipenda hivyo. Dari ya juu kabisa, chini ya boriti, ndiko walikolala watumishi wa shamba. Huko uzuri wa paa haukuwapa joto.

Basi, nyumba ya namna hii itunzwe vipi? Siku zile wajenzi wengi walikwangua makanisa ya kale na kuyafanya mapya, wakidhani wanayarudishia ukale wake. Mwaka 1877 Morris na wenzake waliunda chama cha kuyapinga hayo: palipovuja pazibwe, palipolegea pategemezwe, ila kazi ya marehemu isighushiwe. Naamini walisema kweli. Hata hivyo yeye aliyetaka sanaa iwe ya watu wote aliitumia nyumba ya mkulima kwa mapumziko, na vitu vya karakana yake vilinunuliwa hasa na matajiri. Neno hilo lilimwuma mwenyewe, wala hakulificha.

Alikufa mwaka 1896, akazikwa penye kanisa la kijiji. Rafiki yake Philip Webb, mchora majengo, alimchorea jiwe la kaburi refu, lenye mgongo na miteremko miwili, mfano wa paa.