Spoku 20 chini ya kilo 95

Mliosimama kando ya lami Jumapili kutazama mbio za baiskeli mliona wenyewe. Kijana wetu mbeba mkaa hakuangushwa na miguu yake, aliangushwa na gurudumu la nyuma. Nalisema mapema tusizungushane: mbio zile alizipoteza kwa fundi, siku alipokubali kupanda ile baiskeli ya mtumba yenye tairi za milimita 23 na spoku 20 nyuma.

Kujificha upepo nyuma ya kundi, kunywa maji, kubadili giya: safi kabisa, mwaka jana hakuyajua hayo. Tuendelee.

Ana kilo 95, na si siri, gunia la mkaa halibebwi na mwembamba. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito huo. Tena upande wa giya spoku husimama wima zaidi na kukazwa zaidi kuliko upande wa pili, kwa kuwa giya zimekula nafasi. Kila mzunguko spoku inayofika chini hulegea kidogo, ikipanda inakaza tena. Chuma huchoka kwa mchezo huo, na hukatikia pale kwenye kona, shingoni mwa haba, kile kitovu cha gurudumu. Baiskeli ya Phoenix ya dukani ina spoku 40 nyuma na 32 mbele; aliyepanga hesabu hiyo alijua karia itapakiwa. Ikikatika moja kati ya 40, jirani zake wanaubeba mzigo na unafika nyumbani. Ikikatika moja kati ya 20, ringi inapinda papo hapo na kuanza kulamba breki. Mlimwona anavyokanyaga kama mtu anayevuta mkokoteni? Ndiyo hiyo.

Kisha likaja tuta. Tyubu ikabanwa kati ya ringi na barabara, ikatoka na matundu mawili kama meno ya nyoka. Mtu wa uzito ule kwenye tairi nyembamba vile anahitaji upepo wa psi 110 na zaidi. Fundi alipima kwa dole gumba! Dole gumba halitofautishi 70 na 110, na hili nimeliandika hadi nimechoka.

Wataniambia: wepesi. Haya, tupige hesabu. Phoenix ina kama kilo 20, ile ya mbio tuseme 9. Ukimjumlisha mwenyewe, umepunguza kilo 11 kati ya 115, haifiki hata asilimia 10, na faida yake unaiona mlimani. Kwenye tambarare anayekula nguvu ni upepo, na upepo hauulizi baiskeli ina kilo ngapi. Sisemi angepanda Phoenix. Giya na ile hendeli ya kuinamia alivihitaji. Fremu ingebaki ileile, abadilishe magurudumu: spoku 36 nyuma, tairi ya milimita 28, na fremu ikiruhusu, 32. Baiskeli kuukuu za safari ndefu kwenye mitumba zina magurudumu hayo, na hakuna anayezigombania kwa sababu hazing'ai.

Vijana wananunua baiskeli kwa macho ya simu. Basi wangeangalia vizuri hiyo simu: mabingwa wa Ulaya wenyewe wameiacha 23 siku nyingi, sasa wako 28 na kwenda juu. Kijana wetu ameiga mtindo ambao wenyewe wameutupa.

Mzito anashinda, msidanganyike. Magnus Bäckstedt wa Sweden, mtu wa zaidi ya kilo 90, alishinda Paris–Roubaix mwaka 2004 juu ya barabara ya mawe. Wapanda baiskeli wa mbio zile huweka tairi nene kuliko za siku zote. Wala sihitaji kufika Ufaransa. Mjomba wangu alipeleka pamba mnadani kwa Phoenix, magunia mawili kwenye karia, njia ya vumbi na makorongo. Kila jioni aliipindua baiskeli uani, akazigonga spoku moja moja kwa kidole na kuzisikiliza; iliyotoa sauti ya chini aliikaza kabla ya kula.

Jana nimepita kwa fundi. Gurudumu linaning'inia ukutani. Nikamuuliza analifanyia nini. Akanijibu, "Mzee, naweka spoku moja tu, hizo 19 bado nzima."